Kamera ya Kwanza kwa Fedha Kidogo

Chama cha sayansi cha shule kinachochangisha fedha za kununua kamera hupata nafasi moja tu ya kuchagua, na kosa lake hudumu miaka. Dukani macho hutekwa na idadi ya megapikseli iliyochapwa juu ya boksi, na fedha zote huishia katika bodi, yaani kamera tupu isiyo na lenzi. Ilhali picha huanzia katika lenzi.

Kamera za aina ijulikanayo kwa herufi DSLR zina kioo kidogo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Nuru ipitayo katika lenzi hupigwa na kioo hicho kwenda juu, hugeuzwa tena, kisha hulifikia jicho la mpiga picha. Kitufe kibonyezwapo, kioo huinuka, pazia hufunguka, na nuru ile ile huangukia kihisi, ambacho ni bamba la silikoni lenye mamilioni ya pikseli.

Je, mamilioni mangapi yanatosha? Canon EOS 300D, iliyotoka mwaka 2003, ilitoa picha ya pikseli 3072 kwa 2048. Ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, picha hiyo hupata upana wa sentimita 26 na kimo cha sentimita 17, nayo inafaa kabisa kubandikwa katika ubao wa matangazo. Kamera za miaka kumi baadaye zina megapikseli 18 hadi 24. Tofauti kati ya 18 na 24, ikipimwa kwa upana wa picha, haizidi asilimia 16. Si jambo la kulilipia.

Lenzi ni habari nyingine. Namba f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu la kupitishia nuru, na mwangaza wa taswira hupungua kwa mraba wa namba hiyo. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na bodi, ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho huwa na f/5.6. Lenzi sahili ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha nuru mara 9.7 zaidi. Darasani jioni, pale lenzi ya kwanza inapohitaji sehemu 1/15 ya sekunde, na mwanafunzi akitikisa kichwa uso wake unafifia, ya pili hutosheka na 1/125. Upungufu wake ni kwamba huona eneo jembamba. Kwa picha ya kundi zima ile ya kwanza bado inahitajika.

Kwa hiyo ni busara kununua bodi ya mtumba na kuacha karibu nusu ya fedha kwa ajili ya lenzi. Bodi huchakaa na kupitwa, lakini lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, hufungwa hata leo katika bodi za DSLR za kampuni hiyo. Kwa Nikon tahadhari yahitajika: bodi za daraja la chini, kama D3100 na D5100, hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe zitalengwa kwa mkono.

Mtumba lazima ukaguliwe. Adui mkubwa wa lenzi katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa ni ukungu uotao ndani yake kwa sababu ya unyevu. Lenzi imulikwe kwa tochi: nyuzi mithili ya utando wa buibui zikionekana, iachwe, kwani ukungu hula tabaka la kioo. Kisha upigwe ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi yanayobaki mahali pale pale ni vumbi juu ya kihisi, nalo husafishika. Pazia nalo lina umri. Katika bodi nyingi za bei nafuu hukadiriwa kuwa mipigo kama 100,000, na Nikon huandika hesabu ya mipigo ndani ya faili la picha. Betri iliyovimba isikubaliwe hata ikitolewa bure.