Tapeli Akiingia Kwenye Grupu ya Mtaa

Ukikaa Kitengela, huenda uko kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa: ya maji, ya askari wa usiku, ya chama. Ukifuga huko Bisil au karibu na Kajiado mjini, kuna ya bei za mifugo. Na karibu kila grupu ina yule mgeni: leo "ploti bei ya kutupa", kesho "mkopo bila CRB", keshokutwa linki ya zawadi.

Wengi wetu hupuuza tu. Lakini meseji hizo ni za kupima kina cha maji. Tapeli anaangalia nani anajibu, nani ni admini, na michango inatumwa namba gani. Kisha anampigia mwanachama mmoja: "Nimekutumia tarakimu 6 kimakosa, hebu nisomee." Hizo ndizo zinazofungua WhatsApp yako. Ukizisoma, akaunti ni yake. Jioni grupu inaambiwa, kwa jina lako na picha yako: "Namba ya mchango imebadilika."

Tufanye hivi:

1. Admini, usibishane naye. Futa meseji, mtoe, na weka mipangilio ili kila mtu mpya aidhinishwe kwanza.

2. Namba ya mchango ikubaliwe kwenye mkutano, na isibadilishwe kwa meseji. Ukiambiwa imebadilika, mpigie mweka hazina usikie sauti yake.

3. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Si lenyewe? Katiza.

4. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. PIN yako usimpe yeyote, hata anayesema anapiga simu kutoka kwetu.

Umeshatuma kwa M-PESA? Peleka meseji ya muamala kwa 456 papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni kazi ngumu. SMS za utapeli kwenye laini ya Safaricom zipeleke 333, ni bure. Kisha ripoti polisi. Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandao tangu 2018.

La mwisho: aliyetapeliwa asichekwe. Akinyamaza kwa aibu, jirani wa pili ataliwa kwa ujanja uleule. Akisema mapema, grupu nzima inapona.