Pita tu, hata kama shamba ni la tajiri

IWAPO una mwana au ndugu anayeishi Uingereza, nawe ukabahatika kumtembelea majira ya machipuko, usikubali kukaa nyumbani ukitazama televisheni wikendi nzima. Jumatatu ya kwanza ya Mei na ile ya mwisho ni sikukuu huko, sawa na Jumatatu ya Pasaka, kwa hivyo watu hupata siku tatu mfululizo za kupumzika. Mwambie mwenyeji wako awapeleke mashambani. Tena mwende nyote, watoto pamoja na nyanya yao.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kijiji cha Edale, kwenye milima ya Peak District. Kutoka Manchester au Sheffield, garimoshi halichukui hata saa nzima. Msimu huo utawakuta wanakondoo wakirukaruka malishoni, na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji zikipanda mlima hadi upeo wa macho. Jua nalo hukawia kutua mpaka saa mbili za usiku zipite! Mgeni kutoka kwetu hubaki akijiuliza kama kweli wakati wa chajio umefika.

Lakini kitakachokushangaza zaidi si wanakondoo wala jua. Ni kibao kidogo chenye mshale wa manjano, kilichopigiliwa kwenye lango la shamba la mtu. Sisi tumezoea kibao cha "Mbwa Kali". Hiki kinakwambia ingia, pita katikati ya ng'ombe wa mwenyewe, uvuke ukuta kwa vidato vilivyowekwa makusudi, utokee ng'ambo ya pili. Hulipi hata senti, wala huombi ruhusa. Mshale wa manjano ni wa waendao kwa miguu. Wa buluu huwaruhusu pia wenye farasi na baiskeli.

Hapana shaka nyanya atasita langoni na kuuliza mwenye shamba ni nani, na kama amepewa habari. Mweleze polepole kwamba njia hiyo inalindwa na sheria. Mkulima akilima njia inayokata shamba lake, huwa na siku 14 za kuitengeneza ipitike tena. Ngano yake ikiota juu ya njia, ni wajibu wake kuifyeka. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za namna hiyo, nyingi zikiwa zimekanyagwa tangu kale na watu waliokuwa wakienda kanisani, sokoni na kazini.

Milimani, hata hivyo, mambo hayakuwa mepesi. Juu ya Edale kuna mlima uitwao Kinder Scout, wenye kimo cha mita 636 tu, ambao mtu wa Limuru ataucheka. Zamani ulikuwa umefungwa na mabwanyenye waliowinda humo ndege wa jamii ya kwale, huku vibarua wa viwanda vya Manchester wakiutazama kwa mbali. Aprili 24, 1932, mamia ya vijana waliamua kuupanda wakitokea kijiji cha Hayfield, upande wa pili. Walikabiliana na walinzi waliobeba fimbo. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Vijana watano walitupwa gerezani kwa vifungo vya kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipewa minne.

Mwaka uo huo wa 1932, msomaji, ndipo serikali ya Uingereza ilipounda Tume ya Carter kuhusu ardhi ya Kenya, ambayo ripoti yake ilitolewa 1934 na kuwahakikishia masetla nyanda zao za juu. Mimi ningewasimulia watoto mambo hayo mawili kwa pamoja, hasa wale waliozaliwa huko, wakiwa wameketi mlimani wakila mandazi.

Mwaka 1951, Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Uingereza. (Usitarajie ndovu kama Tsavo, watu wanaishi na kulima humo.) Sheria ya mwaka 2000 nayo ikawaruhusu watu kutembea hata nje ya njia katika milima na nyika zilizotengwa. Na mwaka 2002, Duke wa Devonshire wa wakati huo alisimama hadharani akaomba radhi kwa yaliyotendwa enzi za babu yake. Miaka 70 ilikuwa imepita!

Haki hiyo ina adabu zake. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Mbwa mfunge kamba, kwani kondoo wana watoto. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali. Wakiwakimbiza, mwachilie mbwa ajiokoe. Nunua ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, ambayo njia hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani. Beba koti la mvua hata mbingu zikiwa safi, maana ukungu wa Kinder hushuka ghafla. Nyanya akilalamikia magoti, apelekwe kwa gari hadi Castleton, kijiji jirani chenye mapango na magofu ya ngome ya kale.

Jumatatu jioni msingoje garimoshi la mwisho. Wengi hurudi mjini saa hizo, viatu vimejaa matope, na nyanya asije akakosa kiti.