Juma la Vuguvugu Katikati ya Kipupwe

Katika nchi ya juu ya Njombe na Makete kipupwe hushika tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti. Uwanda wa Kitulo, ulioinuka juu ya bahari kadiri ya mita 2,600, huamka mweupe kwa sakitu, na mabonde yaliyo chini yake nayo hayasalimiki. Lakini katikati ya miezi hiyo hutokea juma moja la upole. Mawingu hutanda, upepo wa kusi huvuma usiku kucha, ukungu hulala vilimani, na mtu haoni haja ya blanketi la pili. Ndipo mkulima husema, "Baridi imekwisha," akachukua mbegu yake ya viazi akashuka kwenye vinyungu.

Yafaa afahamu kwanza vuguvugu hilo limetoka wapi. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulitoa kwenda juu. Mawingu yakiwapo, hulirudisha sehemu kubwa, mfano wa dari juu ya chumba. Upepo nao huchanganya hewa ya chini na ile ya juu iliyo na joto zaidi. Basi baridi haikuondoka, imefunikwa tu. Siku upepo utakapotulia na mbingu kutakata, joto lote litapotea katika usiku mmoja. Tena mimea iliyokaa juma zima katika upole huwa laini, haivumilii kama ile iliyozoea baridi kidogo kidogo.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku wa utulivu huteremka mteremkoni kama maji, ikajikusanya bondeni, yaani palepale penye vinyungu. Ndiyo sababu shamba la bondeni huungua, na la jirani yake aliye mlimani, hatua mia tu kutoka hapo, likabaki kijani. Wala kipimajoto kilichotundikwa kimo cha mtu kisimdanganye mtu. Kikionyesha digrii 3, jani lililo karibu na ardhi huweza kuwa limekwisha kufika sifuri.

Kiazi kilichozikwa hakidhuriki. Hatari huja kinapochipua, majuma mawili mpaka manne baadaye. Aliyepanda mwishoni mwa Juni atatoa majani mateke katika Julai, wakati wa sakitu yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kutumia unyevu wa bondeni mapema apande kabichi, ambayo huvumilia ikisha kushika. Viazi, maharagwe na nyanya aviweke mteremkoni, au avingojee. Na kama shamba lina ua upande wa chini, aache nafasi wazi hewa baridi ipate kutoka. Ua uliofungamana huizuia kama lambo.

Kitalu cha miche kijengewe kichanja kifupi cha miti, na jioni ya mbingu safi kiezekwe nyasi kabla jua halijazama, zikaondolewe asubuhi. Udongo mkavu umwagiliwe mchana, kwa maana udongo wenye maji huweka joto kuliko mkavu. Lakini nyasi zisitandazwe juu ya udongo katikati ya mimea siku hizo. Jambo hili huwashangaza wengi, maana sisi mabwana shamba tumezisifu nyasi hizo miaka mingi. Lakini usiku wa sakitu huzuia joto la ardhi lisiifikie mimea. Ama moshi wa majani mabichi, ambao wengine huutegemea, faida yake ni ndogo mno, na katika kiangazi moto huweza kuteketeza mlima mzima.

Ikiwa sakitu imekwisha kupiga na majani ya viazi yamekuwa meusi, mkulima asing'oe kwa hasira. Mara nyingi shina lililo chini ya udongo li hai. Angoje kama juma moja, kisha afukue kidogo kwa vidole penye mashina machache, atazame kama kuna chipukizi nyeupe.