Kubadili Michoro ya Makao ya Wazee Kabla ya Ujenzi: Utaratibu wa Kibali

Katika Mkoa wa Shinyanga, wengi wakisikia makao ya wazee hukumbuka Kolandoto, ambako Serikali huwatunza wazee wasio na wa kuwatazama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia na jamii jukumu la kwanza la matunzo, na makao huwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo wanaoingia humo, aghalabu, ni watu wasio na ndugu wa kuwadaia hata mlango mpana. Ndiyo sababu mchoro wa jengo la namna hii unastahili uangalizi, na hasa pale mwenye mradi anapotaka kuubadili baada ya kupitishwa.

Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 hairuhusu uendelezaji wowote katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Ridhaa hiyo hutolewa kwa jengo kama lilivyochorwa. Likichorwa upya, ombi nalo huletwa upya.

Swali la kwanza ni kama mabadiliko yanagusa umbo la jengo tu au yanagusa matumizi ya kiwanja. Kuhamisha jiko, kupanua vyoo au kushusha jengo la ghorofa liwe la chini ni suala la umbo. Michoro mipya ya msanifu aliyesajiliwa hupelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji pamoja na nakala ya hati ya kiwanja na ya kibali cha awali. Maafisa wa mipangomiji, ardhi, ujenzi na afya huikagua pamoja. Hata hivyo, jengo la chini hutanuka. Lisipobakiza nafasi inayotakiwa kati yake na mpaka wa jirani, ombi hurudishwa.

Mwenye mradi akiongeza zahanati ya kuhudumia umma, maduka ya mbele, au vyumba vya kupangisha (jambo linalovutia mno karibu na migodi), hapo anaomba kubadili matumizi ya ardhi. Njia hii ni ndefu zaidi. Kusudio hutangazwa kwa bango kiwanjani, majirani husikilizwa, vikao vya halmashauri hujadili, na ombi hufika wizara yenye dhamana ya ardhi. Kama kiwanja kimo katika ardhi ya kijiji isiyotangazwa kuwa eneo la mipango, anayeanziwa ni Halmashauri ya Kijiji, kwa kufuata mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji husika.

Wakaguzi hutazama nini? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike. Kipimo kinachotumiwa sana na wasanifu kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: msingi ulioinuliwa sentimita 60 ili kukwepa maji ya mvua unahitaji mteremko wa mita 7.2. Mchoro unaoonyesha mteremko wa mita 2 mbele ya msingi huo ni pambo tu, maana hakuna kiti cha magurudumu kitakachopanda hapo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo huuliza ni vipi mzee asiyeweza kutembea atatolewa usiku.

Udongo pia huzingatiwa. Udongo mweusi wa mbugani hufura masika na kupasuka kiangazi, hivyo ghorofa haiongezwi juu ya msingi uliokusudiwa chumba cha chini. Katika ukanda wa dhahabu kuelekea Geita, ni lazima kuhakikisha kwamba kiwanja hakimo ndani ya eneo la leseni ya madini wala juu ya mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo.

Majirani wana haki ya kupinga. Barabara nyembamba, majitaka, kivuli cha ghorofa juu ya ua wao: hizo ni hoja za mipango na hujibiwa. Hofu ya wazee wenyewe si hoja. Kanda hii inaijua historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Pingamizi la aina hiyo halina nafasi katika kikao.

Anayeanza kujenga kwa michoro ambayo haijapitishwa huweza kusimamishwa, hata kubomolewa. Alama ya X nyekundu ukutani ni ghali kuliko kusubiri kikao.

Mkazi anayetaka kuona michoro ya mradi uliotangazwa katika mtaa au kijiji chake aanzie kwa mtendaji wake, ambaye atamwelekeza ofisi ya mipangomiji. Maoni yaandikwe, yataje kiwanja kinachohusika na sababu, na yafike kabla ya tarehe iliyo kwenye bango.