Kondo la Nyuma na Seli Shina: Tuziiteje?

Katika kliniki za wajawazito huko Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, Makueni, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, muuguzi humpima mama shinikizo la damu na mkojo. Anachokichelea ni kifafa cha mimba, maradhi yanayoweza kumwua mama na mtoto. Chanzo chake aghalabu kimo katika kondo la nyuma.

Jina hilo latokana na wakati wa kuzaa: kondo hutoka nyuma ya mtoto. Kimaumbile, hata hivyo, kondo hutangulia. Takriban siku ya 5 baada ya yai kurutubishwa, tabaka la nje la kiinitete huwa limekwisha kujipambanua. Seli zake huitwa trofoblasti.

Miongoni mwa seli hizo zimo seli shina, yaani zile zinazojizalisha zenyewe na pia kuzaa seli zenye kazi maalumu. Kazi hizo ni mbili kuu. Baadhi huungana kuwa utando unaopitisha chakula na oksijeni. Nyingine hupenya ukuta wa mji wa mimba na kupanua mishipa ya damu ya mama. Upenyaji huo ukiwa hafifu, kifafa cha mimba huweza kufuata.

Je, seli shina hizo hutambuliwaje? Mwaka 2016, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipendekeza vigezo kadhaa vya kuitambua trofoblasti vitumiwe kwa pamoja, zikiwemo protini kama GATA3 na alama za kinga ziitwazo HLA. Lakini kithibitishacho ushina ni utendaji. Mwaka 2018, kundi la Hiroaki Okae wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, lilizikuza maabarani. Zikaendelea kujizalisha na kutoa aina zote mbili za seli.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake. Mwaka 2015, Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake walionyesha kuwa baadhi ya wanawake wa Uganda wana jeni za kinga zinazowakinga na maradhi haya, jeni zisizopatikana kwa Wazungu.

Mwanaistilahi anaweza kushawishika kuziita seli hizi “seli mama”. Istilahi hiyo ingepotosha, kwa kuwa trofoblasti hutokana na yai lililorutubishwa. Urithi wake ni wa mtoto, si wa mama. “Seli shina” yafaa zaidi, maadamu shina hubaki huku likichipuza matawi. Istilahi sahihi ndiyo itakayomwezesha muuguzi wa Kikima kumweleza mama kwa nini anapimwa.