SMS Königsberg

SMS Königsberg ilikuwa manowari ya Ujerumani iliyopigana katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Inakumbukwa hasa kwa kuizamisha manowari ya Uingereza HMS Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914.

Muundo

Meli ilijengwa Kiel, ikashushwa majini Desemba 1905 na kuanza kazi mwaka 1907. Jina lake lilitokana na mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mabaharia zaidi ya 300. Silaha zake kuu zilikuwa mizinga 10 yenye kipenyo cha sentimita 10.5, pamoja na topido.

Injini zake za mvuke ziliiwezesha kukimbia kwa noti 24 hivi, yaani kilomita 44 kwa saa. Lakini mwendo huo ulihitaji makaa ya mawe mengi sana, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake mkubwa ilipokuwa mbali na kwao. Wenyeji wa pwani waliitambua kwa dohani zake, wakaiita manowari ya bomba tatu.

Kuja Afrika ya Mashariki

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipokaribia ilitoka bandarini ili isifungiwe ndani. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya biashara ya Uingereza City of Winchester, iliyobeba chai, katika bahari ya kusini mwa Uarabuni. Baadaye ilijificha katika delta ya mto Rufiji.

Shambulio la Unguja

Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe ili kutengeneza injini na boila zake, hivyo haikuweza kuondoka haraka. Alfajiri ya Jumapili, Königsberg iliingia kwa mlango wa kusini, ikaizamisha boti ya ulinzi Helmuth, kisha ikaanza kupiga mizinga.

Pegasus ilijibu, lakini ilikuwa meli ya zamani na makombora yake yalianguka majini kabla ya kumfikia adui. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi. Kwa muda usiofika saa moja Pegasus ilikuwa imeharibika kabisa, na ilizama siku hiyo hiyo. Mabaharia wake 38 walikufa na 55 walijeruhiwa. Baadhi ya waliokufa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani karibu na mji, kinachoitwa pia Kisiwa cha Makaburi.

Rufiji

Muda mfupi baada ya ushindi huo injini ya Königsberg yenyewe iliharibika, ikabidi irudi Rufiji. Sehemu zilizoharibika zilivutwa kwa nchi kavu na vibarua Waafrika hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa. Kabla ya kutoka tena, meli iligunduliwa na Waingereza mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaifungia.

Manowari kubwa hazikuweza kuingia katika mito yenye kina kidogo na mikoko mingi. Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, wakakitumia kama kituo cha ndege. Kisha waliletwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazili. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 bila kufaulu. Tarehe 11 Julai, zikiongozwa na marubani waliotazama makombora yanapoangukia, ziliipiga vibaya sana. Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga baada ya meli

Wajerumani waliopoa mizinga yote 10 kutoka majini, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck liliitumia nchi kavu, na mmoja ulifungwa katika meli Graf von Götzen, ambayo sasa ni MV Liemba, kwenye Ziwa Tanganyika. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia vitani.

Leo mzinga mmoja wa Königsberg upo Pretoria, Afrika Kusini. Mwingine upo Fort Jesus mjini Mombasa, ambako mzinga wa Pegasus nao umehifadhiwa.