Umeme Umekatika, Seva Inahesabu

Lubumbashi ni mji wa kulipa kwanza. Unanunua forfe ya mega, zikiisha simu inanyamaza. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, kompyuta inazimika na hakuna kinachotumika tena. Mwanafunzi wa informatika aliyekulia katika mazoea hayo hufungua seva yake ya kwanza ya bure kwenye wingu akiwa na hesabu ya nyumbani kichwani. Hapo ndipo anapokwama.

Kwa miaka mingi Amazon iliwapa wateja wapya saa 750 za seva bure kila mwezi, kwa miezi 12. Kwa nini 750? Mwezi wa siku 31 una saa 744: seva moja ndogo inawaka usiku na mchana, na saa 6 zinabaki. Washa mbili, saa zinakwisha siku ya 16. Kinachohesabiwa ni kuwaka, si kutembelewa. Giza likiingia mtaani Katuba, mashine iliyoko Cape Town au Virginia haina habari. Itaendelea kula saa hadi uingie kwenye akaunti uisimamishe mwenyewe.

Nguvu nayo ina kipimo, na hiki ndicho kinachonivutia zaidi. Prosesa ya t2.micro, seva ndogo ya Amazon, huishi kwa akiba. Kila saa hupata pointi 6, na pointi moja ni dakika moja ya kufanya kazi kwa nguvu zote; kwa wastani, basi, ni asilimia 10 tu ya uwezo wake. Fikiria bidoni chini ya bomba linalodondosha. Ikiachwa siku nzima inajaa, pointi 144. Matokeo ya mtihani yakitoka, watu wakaja kwa mkupuo, inakauka na ukurasa unaanza kuburuta. Wengi husingizia mtandao wa simu.

Google ina seva ndogo ya bure isiyo na mwisho, lakini iko Marekani tu, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka hapa. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakupungui sekunde 0.12. Data inayotoka bure ni gigabaiti 1 kwa mwezi. Ukurasa wa megabaiti 2 utafunguliwa mara 500 hivi, basi.

Na kikomo kikipitwa? Majaribio ya Google ya dola 300 kwa siku 90 husimama yenyewe, kama forfe. Amazon ya zamani haikusimama, ilituma bili. Tangu Julai 2025 nayo inawapa wapya salio la hadi dola 200 kwa miezi 6, kisha akaunti hufungwa kwa asiyechagua kulipa.

Mlangoni, hata hivyo, bado wanataka kadi ya benki, katika mji ambao vijana wengi pesa zao ziko M-Pesa au Airtel Money. Kadi hiyo mara nyingi ni ya mjomba, na dola zikipungua yeye ndiye wa kwanza kuona.